Tumevunja birika tukaweka tangi, maji yanaisha upesi kuliko zamani. Yanakwenda wapi?

Bint Langoni (Ijumaa, saa 3:40 usiku)
Asalaam aleykum. Nina jambo linaninyima usingizi.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, hapa Langoni, Amu (Lamu). Tuko watu wanane. Tangu niolewe, choo cha juu kilikuwa na birika la chokaa, yaani hodhi la maji lililojengwa. Mume wangu alilipima kabla ya kulivunja: urefu mita 1.2, upana sentimita 70, kina sentimita 60. Maji ya mfereji yakija usiku tulikuwa tukilijaza, na kila siku tukijaza mitungi mitatu ya lita 20 ya jikoni. Birika lilitushika siku mbili kamili, na chini yalibaki maji ya kufikia kifundo cha mguu.

Mwezi wa Rajabu tulikarabati. Tukalivunja birika ili choo kipate nafasi, tukaweka tangi la plastiki la lita 1000 juu sakafuni (kwenye paa tambarare), tukatia shawa na choo cha kuvuta. Sasa tangi likijazwa Jumamosi usiku, Jumatatu watoto wakishaenda shule mfereji unakohoa hewa. Watu ni wale wale. Nguo tunafulia maji ya kisima cha kiwandani (uani) kama zamani. Tangi ni kubwa mara mbili ya birika na halifiki siku mbili.

Nataka kujua maji yanakwenda wapi, kwa sababu kila mtu hapa nyumbani anamnyooshea mwenzake kidole.

Kaskazi (Ijumaa, saa 3:58 usiku)
Shawa. Usitafute mchawi mwengine. Chukua ndoo ya lita 20, ifungulie shawa, tazama saa. Kisha usimame nje ya mlango wa choo uhesabu dakika za kila mtu.

Fundi wa Mkomani (Ijumaa, saa 4:20 usiku)
Kaskazi usikimbilie. Nimefunga mifereji Amu, Shela na Mokowe miaka kumi na saba. Nikiitwa nyumba ambayo "maji yanaisha tu", mara nyingi nakuta kitangi cha choo cha kuvuta kinavuja ndani kwa ndani. Ule mpira wa chini haukai sawa, maji yanateremka bakulini kidogo kidogo, hayana sauti. Maji yetu yana chumvi na chokaa, mpira unakauka na kupinda mapema.

Dada, tia rangi ya chakula kwenye kile kitangi, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, umempata mwizi.

Mwana wa Kizingitini (Ijumaa, saa 5:05 usiku)
Nyote mnatafuta tundu. Mimi naona tundu liko machoni.

Nimezaliwa Kizingitini, nikakulia Faza kwa shangazi yangu. Wengine hapa huenda hamjapata kuona jabia, nitaeleza. Ni uwanja uliopigwa sakafu na kulazwa mteremko, mvua ikinyesha maji yanateremka yenyewe hadi kwenye tangi lililochimbwa chini na kufunikwa. Hakuna pampu, hakuna mfereji. Masika yakipita, kilichomo ndani ndicho utakachokunywa hadi Mungu alete mvua nyingine.

Shangazi alikuwa akienda kuteka asubuhi anachungulia mstari wa maji ukutani. Akirudi hatuambii kitu, lakini tulikuwa tukijua kwa kata. Mstari ukiwa juu, twaoga kata nane. Ukishuka, kata sita. Mwezi wa pili, kaskazi ikipiga na jua limeshika, kata nne, na maji ya kuoshea mchele yanawekwa ya kuoshea vyombo mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa akitoa amri. Sote tulikuwa tumeona ukuta.

Birika lenu lilikuwa hivyo hivyo. Ukiingia kuoga unaona yaliyobaki, mkono wenyewe unajizuia. Tangi liko juu, limefunikwa, jeusi. Hujui umebakiwa na nini hadi mfereji ukohoe. Sidhani mna tundu lolote dada. Mmeyaficha maji, basi.

Mvuvi Mstaafu (Ijumaa, saa 5:30 usiku)
Mwana wa Kizingitini umenirudisha mbali. Kata nne, naam! Na ukitia ya tano mtu anagonga mlango.

Kijana wa Sabaki (Jumamosi, saa 12:50 asubuhi)
Mimi niko Malindi, Maweni. Huku maji yetu yanatoka Baricho, kule mto Sabaki, na ni hayo hayo yanayokwenda mpaka Kilifi na Mombasa, kwa hivyo kukiwa na hitilafu huko sote tunakauka siku moja. Nina swali la kijinga labda: tangi linajaa kweli? Sisi tulinunua la lita 2000, tukalalamika miezi minne, kumbe maji ya mfereji hayakuwa na nguvu ya kupanda juu. Yalikuwa yanafika katikati, kisha saa ya kufungwa inafika.

Bint Langoni (Jumamosi, saa 4:15 asubuhi)
Shukran nyote. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Shawa: ndoo ya lita 20 imejaa kwa dakika mbili na sekunde kumi. Kijana wangu mkubwa (miaka 16) nimemhesabia dakika nane asubuhi hii. Sikumwambia kitu.

Rangi: nimetia ile nyekundu ya biriani. Nusu saa. Bakuli jeupe kabisa.

Kujaa kwa tangi sijaangalia. Mume wangu atapanda akirudi.

Kaskazi (Jumamosi, saa 4:22 asubuhi)
Lita 9 na ushei kwa dakika. Kijana wako peke yake ameoga lita 74. Kwa kata angeoga 12, 15 akijipendelea. Nimemaliza.

Fundi wa Mkomani (Jumamosi, saa 4:40 asubuhi)
Hujamaliza. Dada, nusu saa ilikuwa asubuhi, watu wanavuta, kitangi hakikutulia. Rudia usiku. Pia tazama ile paipu ya kumwagia ya tangi la juu, inayotoka ubavuni karibu na shingo. Floti ikikwama maji yanamwagika nje usiku mkiwa mmelala, yanaingia kwenye mlizamu wa kuteremshia maji ya paa na kuishia kwenye mtaro wa uchochoroni. Nani atayaona saa nane za usiku? Punda tu.

Ustadh mdogo (Jumamosi, saa 6:30 mchana)
Naingia kwa upande mwingine. Mtume (S.A.W.) imepokewa kwamba alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Sisi wa pwani tunavijua vipimo hivi kwa zaka ya fitri: vibaba vinne ndiyo pishi. Kibaba hakifiki lita moja. Leo mtu anafungulia mfereji, anasukutua, anasimama kumjibu mtu salamu, maji yanakwenda. Nimewahi kuweka beseni chini ya mfereji wa msikiti wetu kwa idhini ya msimamizi. Mtu mmoja, udhu mmoja, beseni la lita 10 limejaa.

Na amekatazwa mtu kufanya israfu ya maji hata akiwa kwenye mto unaotiririka.

Bi Mkubwa wa Pate (Jumamosi, saa 7:10 mchana)
Ustadh, Mungu akuzidishie. Hiyo ya mto, wako wanazuoni waliosema isnadi yake (mlolongo wa wapokezi) ni dhaifu. Ya kibaba na pishi ndiyo sahihi, na yatosha. Marehemu babangu alikuwa akitawadha kwa kopo la maziwa ya unga, akibakisha tone anamwagia mrehani.

Ustadh mdogo (Jumamosi, saa 7:25 mchana)
Umesema kweli Bi, nilipaswa kutaja hilo. Shukran.

Binti Muyeye (Jumamosi, saa 8:00 mchana)
Mnisamehe natoka nje ya mada. Hilo birika lilikuwa na samaki? Nyanya yangu wa Amu alikuwa na samaki wadogo ndani ya birika la chooni, nikiwa mtoto nilikataa kuoga kwa woga.

Bint Langoni (Jumamosi, saa 8:12 mchana)
Walikuwepo watano. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Mama mkwe wangu aliwahamishia kwenye ndoo, kisha akampa jirani mwenye birika. Alilia, na sikujua kama ni kwa samaki au kwa birika.

Mvuvi Mstaafu (Jumamosi, saa 8:30 mchana)
Na sahani je? Mabirika ya watu wa zamani yalikuwa na sahani ya kauri imezikwa chini. Maji yakiisha, samaki wanakaa kwenye sahani mpaka birika lijazwe.

Bi Mkubwa wa Pate (Jumamosi, saa 8:41 mchana)
Kwetu tuliambiwa sahani ni pambo, na ni ya kukusanya mchanga ili ukilisafisha birika uzoe pahali pamoja. Samaki walifaidika tu.

Mvuvi Mstaafu (Jumamosi, saa 8:45 mchana)
Samaki walikuwa kwanza, Bi. Lakini sibishani na Pate.

Kijana wa Sabaki (Jumamosi, saa 8:50 mchana)
Tahadhari kwa atakayejaribu: maji ya mfereji yenye klorini yanawaua samaki. Yaache yatulie wazi siku moja au mbili kwanza. Nilipoteza sita.

Bint Langoni (Jumamosi, saa 2:05 usiku)
Mume wangu amepanda juu na kijiti cha ufagio baada ya maji kuja na kufungwa. Tangi kutoka chini hadi shingoni ni sentimita 105. Kijiti kimelowa sentimita 62.

Kijana wa Sabaki, Mungu akupe kheri. Hatujawahi kuwa na lita 1000!

Kaskazi (Jumamosi, saa 2:30 usiku)
Basi tupige hesabu upya, na mnikosoe.

Zamani: birika likijaa ni lita 504. Maji ya kifundo cha mguu tuseme sentimita 10, ndiyo lita 84. Yametumika 420 kwa siku mbili, 210 kwa siku. Ongeza mitungi mitatu, 60. Jumla 270 kwa siku.

Sasa: sentimita 62 za tangi hilo ni kama lita 590. Zinakwenda siku moja na nusu. Ni 393 kwa siku.

Iliyozidi ni 123. Sio maradufu kama tulivyodhani, lakini ipo. Watu sita wanaooga shawa, dakika tano kila mmoja, ni lita 276 badala ya 72 za kata. Iliyozidi hapo ni 204. Shawa inatosha na kubaki.

Fundi wa Mkomani (Jumamosi, saa 2:48 usiku)
Hapo ndipo unapokwama. 204 haiingii ndani ya 123. Kama shawa ingekuwa inakula hivyo, tangi lingekauka kabla ya Jumatatu alfajiri. Maana yake hawaogi dakika tano kila mmoja, hilo umelibuni.

Tazama choo. Cha zamani walikuwa wakimwagia kata tatu nne, tuseme lita 3. Cha kuvuta cha aina ile ni lita 9 kila ukivuta. Wakivuta mara 15 kwa siku, iliyozidi ni 90. Bakisha 33 za kuvuja mahali. Hiyo ndiyo 123 yako, sawasawa.

Kaskazi (Jumamosi, saa 2:55 usiku)
Na hiyo mara 15 nani alihesabu, wewe ulikuwa chooni kwao?

Fundi wa Mkomani (Jumamosi, saa 2:57 usiku)
Hahaha. Haya, sote tumekisia. Lakini kisio langu limeingia.

Mama Watatu (Jumamosi, saa 3:20 usiku)
Mimi nina dawa ya choo cha kuvuta. Chupa ya lita moja na nusu, ijaze mchanga na maji, funga, izamishe ndani ya kitangi. Kila ukivuta unaokoa lita na nusu. Niko Mpeketoni na nimefanya hivi tangu mwaka juzi.

Fundi wa Mkomani (Jumamosi, saa 3:31 usiku)
Ni sawa, mradi isiguse floti wala mpira. Msitie tofali wala jiwe la matumbawe, linamung'unyuka na kuziba. Na mkiona mnalazimika kuvuta mara mbili, itoeni, mnapoteza zaidi.

Mwalimu wa Ramani (Jumapili, saa 3:10 asubuhi)
Nimesoma uzi wote. Dada alitaja kisima cha kiwandani kwa kupita tu. Bado ni cha maji baridi (matamu), au kimeingia chumvi?

Bint Langoni (Jumapili, saa 3:40 asubuhi)
Mwalimu umejuaje? Zamani mama mkwe anasema walikuwa wakiyanywa. Mimi nimeyakuta ya kufulia. Mwaka huu hata sabuni haitoi povu vizuri, nguo tunasuuza mara nne.

Mwalimu wa Ramani (Jumapili, saa 4:25 asubuhi)
Hili ndilo linalonihangaisha kuliko tangi, na naomba mnivumilie.

Maji baridi ya kisiwa chetu yanatokana na mvua inayozama mchangani. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa na takriban mita 40 za maji baridi kabla ya kufikia chumvi. Geuza hesabu: ukivuta maji hadi usawa ushuke mita moja, mpaka wa chumvi unapanda kukufuata kwa mita nyingi. Ndiyo maana kisima cha kata na kamba kilidumu karne nzima, na kisima cha pampu kinaharibika ndani ya miaka michache. Pampu inanyonya pahali pamoja, kwa nguvu, na chumvi inapanda hapo kama kichuguu.

Ghala letu kubwa ni vile vilima vya mchanga vya Shela. Visima vinavyoulisha mji viko huko. Mtu akizoa mchanga pale kwa ujenzi, au akijenga juu yake, anapasua mtungi wa mji mzima. Lita anazookoa dada hapo Langoni zinabaki chini ya mchanga ule.

Binti Muyeye (Jumapili, saa 4:40 asubuhi)
Shela ina vilima vya mchanga? Nakaa karibu na Shela na sijaona.

Mvuvi Mstaafu (Jumapili, saa 4:44 asubuhi)
Shela ya Amu, mwanangu, sio Shela yenu ya Malindi. Njoo tukutembeze, lakini ulete maji yako.

Nahodha Mkunguni (Jumapili, saa 5:15 asubuhi)
Mwalimu, ya kitabuni nimekubali, lakini mimi kisima changu naona kinafuata mwezi. Bamvua (bahari kujaa na kupwa sana) likija, kisima kinapanda na chumvi inaongezeka. Maji mafu (bahari kujaa na kupwa kidogo) yakiwepo kinatulia. Pampu yangu ni ile ile. Kwa hivyo ni bahari, sio pampu.

Mwalimu wa Ramani (Jumapili, saa 5:30 asubuhi)
Vinaweza kuwa vyote viwili. Bahari yetu wakati wa bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kisima kilicho karibu na ufuo lazima kihisi. Lakini bamvua lilikuwepo zama za babu zako, nao walikunywa.

Nahodha Mkunguni (Jumapili, saa 5:38 asubuhi)
Babu zangu walikuwa na mvua zaidi pia.

Bi Mkubwa wa Pate (Jumapili, saa 5:50 asubuhi)
Na watu wachache. Msilisahau hilo. Amu niliyoijua ujanani na Amu ya leo si mji mmoja.

Mwana wa Kizingitini (Jumapili, saa 6:20 mchana)
Takwa je? Pale kisiwani Manda mji mzima uliachwa, na wazee wetu husema kisima kiliingia chumvi. Wengine husema vita. Mimi nikipita pale naangalia kisima kwanza.

Kijana wa Sabaki (Jumapili, saa 7:00 mchana)
Turudi kwa tangi la dada. Kuna mtu alisema sabuni haitoi povu. Kama maji ya mfereji nayo yameanza chumvi, si kila mtu anasimama zaidi kujisuuza? Hapo mtakuta dakika tano za Kaskazi zimegeuka nane bila mtu kufanya israfu.

Kaskazi (Jumapili, saa 7:05 mchana)
Umenisaidia, lakini sikuomba.

Mjenzi wa Chokaa (Jumapili, saa 8:30 mchana)
Mimi naangalia mvua. Mnalilia lita 123 na juu ya kichwa mna sakafu tupu. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25 siku moja, ni lita 1000. Punguza mia mbili za kupotea na za kuosha paa, unabaki na 800 bila pampu. Na Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi, mara ngapi inanyesha hivyo?

La muhimu: maji ya mwanzo yaachie yaende. Yanabeba vumbi, mavi ya kunguru, majani. Ziba mdomo wa mlizamu, uufungue paa likishaoshwa. Na mdomo wa tangi utie wavu mwembamba, la sivyo unafuga mbu.

Mama Watatu (Jumapili, saa 8:50 mchana)
Na sisi wa makuti?

Mjenzi wa Chokaa (Jumapili, saa 9:02 mchana)
Makuti yanatoa maji ya rangi ya chai na harufu. Ya bustani na ya kumwagia choo yanafaa, ya kunywa hapana. Mabati au sakafu ndiyo paa la kuvuna.

Mama Watatu (Jumapili, saa 9:10 mchana)
Basi yangu ni ya mipapai. Maji ya kuoshea mboga na mchele nayo huenda huko huko. Yenye sabuni nyingi nawapa migomba, haijanung'unika bado.

Bint Langoni (Jumapili, saa 9:40 mchana)
Mjenzi, sakafu yetu ina ufa karibu na kidari cha meko (jiko la juu), lakini nimelinakili hili kwa mume wangu.

Fundi, leo usiku nafanya ule mtihani. Funga valvu ya kuingizia, alama ya chaki kwenye tangi, watu wote wakishalala. Sawa?

Fundi wa Mkomani (Jumapili, saa 9:52 mchana)
Sawa. Na valvu ya kitangi cha choo ifunge pia usiku huu. Kesho usiku iache wazi. Tofauti ya siku mbili itatuambia kama ni choo au paipu. Tangi la plastiki jeusi halionekani ndani, tumia kijiti na taa, sio kukisia kwa nje.

Bint Langoni (Jumatatu, saa 12:35 asubuhi)
Usiku wa kwanza, choo kimefungwa. Saa tano usiku kijiti kimelowa sentimita 58. Saa kumi na moja alfajiri, 54.

Kaskazi (Jumatatu, saa 12:50 asubuhi)
Sentimita 4 kwenye tangi hilo ni kama lita 38. Aliamka nani?

Bint Langoni (Jumatatu, saa 1:00 asubuhi)
Mume wangu aliamka kwa tahajudi (sala ya usiku). Ametawadha. Anaapa alitumia kopo.

Ustadh mdogo (Jumatatu, saa 1:08 asubuhi)
Basi udhu wake haufiki hata nusu sentimita.

Fundi wa Mkomani (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)
Lita 38 kwa saa sita na choo kimefungwa. Hiyo ni paipu, dada. Iko ukutani. Mawe ya matumbawe na chokaa yanakunywa maji bila kutoa doa kwa wiki nyingi. Pitisha kiganja ukutani chini ya shawa, na nyuma yake upande wa daka (shubaka). Pakiwa na ubaridi au chokaa inaganduka ukiikwaruza, ni hapo.

Kaskazi (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)
Lita 38 kwa saa sita ni 152 kwa siku. Imepita hata 123 tuliyokuwa tukiitafuta. Na choo chako cha 90 tutakiweka wapi sasa? Hesabu yako nayo imefurika, fundi.

Fundi wa Mkomani (Jumatatu, saa 1:24 asubuhi)
Usiku paipu ina nguvu kwa sababu hakuna anayefungulia, kwa hivyo huvuja zaidi. Sikatai lakini, kuna kitu hakijakaa sawa.

Kijana wa Sabaki (Jumatatu, saa 1:40 asubuhi)
Au kijiti kiliingia mshazari usiku wa manane. Pima tena leo, mtu yule yule, pahali pale pale.

Mwana wa Kizingitini (Jumatatu, saa 2:10 asubuhi)
Na kijana mkubwa alilala wapi? Nauliza tu.

Bint Langoni (Jumatatu, saa 10:20 jioni)
Kijana anasema alilala. Namwamini.

Nimepitisha kiganja. Chini ya shawa pakavu. Upande wa daka kuna pahali pa ukubwa wa sahani pana ubaridi, lakini mama mkwe anasema pamekuwa hivyo tangu enzi za birika, kwa sababu birika lilikuwa nyuma ya ukuta huo huo. Kwa hivyo sijui ni maji ya leo au ya miaka hamsini.

Fundi wa kwetu ameahidi kuja Alhamisi. Leo mama mkwe ametoka sokoni na pipa la lita 100 na kata ya kifuu, ameviweka chooni kwenye kona ile ile, na kaenda kwa jirani kuulizia samaki. Valvu ya choo usiku huu iko wazi. Kijiti nimekifunga kamba ili kisiende mshazari.

Mvuvi Mstaafu (Jumatatu, saa 10:31 jioni)
Na sahani, usisahau sahani.

Kaskazi (Jumatatu, saa 11:05 jioni)
Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Tuletee sentimita.